Siku Waliponigombeza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Namawala tumeshavuna mpunga, na babu yako kikohozi kimemwacha.

Unauliza utaacha lini kuwa mgeni huko Ujerumani, maana wanakukaribisha kwa adabu tu. Mimi nilipotoka Usukumani kuolewa hapa, kila msiba nilipewa kiti wakati wenzangu wako jikoni. Nikakikalia, nikidhani ndiyo heshima. Siku moja nilikiacha, nikaenda kupara samaki. Jirani akafoka mbele ya wote: "Wewe Msukuma, magamba haya atakula nani? Rudia!"

Nilirudia huku nacheka. Tangu hapo sikuletewa kiti tena.

Basi nawe ingia jikoni kwao. Siku wakikugombeza, nipigie simu tufurahi.

Bibi yako, mama Shija