Daktari wa Miti Uliyetuletea

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimekwisha. Huku nasi tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye mkono wake bado umefungwa plasta. Anakula, anasali, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Kila nikikupigia na kuanza habari ya mti, unanikata kauli, unasema uko kikaoni. Nawe ukipiga, Mama anakuwa ubavuni mwangu, ananikanyaga mguu. Kwa hiyo naandika, na kesho alfajiri nitamkabidhi dereva wa basi akuletee mkononi.

Umeniomba nipige picha ya ule mti wa Mama, mkungu wa uani, jinsi ulivyostawi, ili yule rafiki yako anayejiita Daktari wa Miti awaonyeshe wateja wake. Sitapiga. Nitakueleza kwa nini, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Unakumbuka tulivyoanza. Mama alisikia mti unalia wakati wa upepo, akaniita, maana kupogoa miti ndiko kunakonilisha. Niliuzunguka, nikainama kwenye shina nikafukua udongo, kisha nikapanda kwa kamba. Niliwaambia kwamba tawi moja, lile lililoelemea upande wa jikoni, lina ufa na lipunguzwe uzito, mengine yaachwe. Kuhusu tundu lililokuwa shinani nilisema sijui limeingia ndani kiasi gani, nipeni muda nilipime. Hiyo "sijui" ndiyo iliyoniponza. Ulicheka kwenye simu, ukamwuliza Mama ni mtaalamu gani huyo asiyejua, ukasema mimi ni mpanda miti tu na kwamba wewe utamletea daktari.

Akaja daktari wako. Kofia yake ngumu ilikuwa mpya, hata kibandiko cha dukani hakijabanduliwa. Hakuuliza mti una umri gani, wala kile kifusi kilichofukia mizizi kilimwagwa lini, wala nani hukaa kivulini. Kuinama ndiyo kabisa, ng'o. Aliweka sikio kwenye shina, akafumba macho, akatangaza kwamba mti una presha. Kaka, miti yote niliyowahi kupanda sijakutana na wenye presha. Siku ile mwenye presha nilikuwa mimi. Nilimwuliza matawi atayakatia wapi, akanijibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Anayeijua kazi hii, ukimwuliza swali hilo, anakuonyesha kwa kidole: nje kidogo ya ule uvimbe ulio kama shingo, pale tawi linapotokea, kwa sababu hapo ndipo mti unapojifunga kidonda. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini majirani walitoka nje kulisikiliza, na mimi nikaonekana mwenye wivu.

Kazi aliifanya siku niliyokuwa kwenye bustani ya hospitali, hapo ng'ambo ya barabara. Niliporudi, kichwa chote cha mti kilikuwa kimekatwa, vimebaki visiki vinaangalia mbingu. Tundu amelijaza saruji kama anayeziba jino. Vidonda amevipaka lami. Na shina zima, chini hadi juu, lilikuwa na matobo yanayotoka utomvu, kwa kuwa alipanda na viatu vyenye miiba ya chuma. Viatu vile ni vya kupandia mti unaokwenda kuangushwa. Mti unaotaka uishi huupandi navyo, basi. Nilikupigia palepale, ukaniambia nimezoea kukosoa watu.

Kisha mvua zikaja, mti ukachipua kwa fujo, ukawa kijani kuliko zamani. Picha ukazituma kwa kila unayemfahamu, na siku moja kwenye simu ukaniuliza, Mama akisikia, sasa mtaalamu ni nani. Mti uliokatwa kichwa umenyang'anywa majani yanayoulisha; unachipua kwa njaa, si kwa afya. Machipukizi yale hayajashika ndani, yameng'ang'ania gome tu, na visiki vyake vinaoza taratibu chini ya lami. Mwaka wa pili yalikuwa yamerefuka na kunenepa, kila apitaye anayasifu. Nilimweleza Mama hayo yote, akaniambia nimwache mtoto wa watu.

Sasa nakuja kwenye jambo nililokatazwa kukuambia. Mkono wa Mama haukuvunjikia bafuni. Alikuwa kwenye cherehani yake chini ya mti, mchana kweupe, hata upepo wa maana hakuna. Chipukizi nene kama paja la mtoto likabanduka na gome lake, likamwangukia mkono wa kulia. Daktari, yule wa kweli, wa hospitali, amesema mfupa utaunga, lakini vidole viwili huenda visishike sindano tena. Ile kazi iliyotusomesha mimi na wewe imekwisha, Kaka. Na hadithi ya kuteleza bafuni aliitunga mwenyewe, kabla hata plasta haijakauka.

Nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote. Juzi nilikuwa namwosha mgongo, hasira ikanipanda, nikasema laiti angejua mapema kwamba yule mtu ni mbabaishaji. Akanijibu kwamba alijua. Alijua tangu alipomwona akikita miiba ile kwenye shina, kwa sababu zamani, nikisafisha vifaa vyangu, nilimweleza viatu hivyo ni vya nini. Alikaa pale na uzi mkononi, akamtazama mpaka akamaliza. Nilimwuliza kwa nini hakuniita nami nilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Alisema ningekuja na mdomo wangu, nikamfukuza yule mtu mbele ya majirani, na wewe uliyemleta ungeaibika. Mti ni mti, akasema, mwana ni mwana.

Nilimmiminia kopo la mwisho la maji, nikachukua taulo. Kwani mimi ni nani wake? Nimeumia, sikufichi. Miaka yote hii niliamini kwamba Mama haniamini, nikajitahidi ili siku moja aniamini. Kumbe aliniamini siku zote, na haikusaidia kitu.

Ule mti haufai tena. Ningekuwa nimeshauangusha, vifaa viko tayari ukumbini, lakini amepiga marufuku. Anasema nikiukata utauliza sababu, na ukiuliza utajua. Kila asubuhi anatoa kiti chake na kukiweka palepale. Nakirudisha ndani, anakitoa tena kwa mkono mmoja. Nimemwonyesha machipukizi mengine yaliyoanza kuachia, tena yako juu ya kichwa chake. Ananijibu kwamba ukipiga simu ya video unapenda kumwona amekaa kwenye kivuli cha mti ulioutibu.

Sitaki uniombe radhi, wala sikuandikii ili unione mshindi. Ukimaliza kusoma piga simu, umwambie atoke pale na aniache nikate. Usimwulize lolote, usijitetee, na tafadhali usimtume yule rafiki yako aje kuangalia. Neno langu nimeshalijaribu, limegonga ukuta. Lako atalitii papo hapo, ingawa kuhusu miti hujui hili wala lile.

Nisalimie wifi sana. Watoto wabusu, uwaambie shangazi yao anawakumbuka na atakuja likizo wakijaliwa kufaulu. Mama naye angekutumia salamu, ila hajui kwamba nakuandikia. Ameketi nje, kwenye kiti chake, ameweka simu mapajani anasubiri upige.

Ni mimi mdogo wako,
tumbo moja.