Niliosha Gari Hadi Fundi Akakosa Ugonjwa

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari lenyewe, mtoto mdogo amelala mapajani, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko, na darasani nako sikukaa sana, lakini nisipokuandikia leo sijui moyo huu nitaupeleka wapi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mume wangu anafanya kazi mbali, naishi na mama mkwe, na gari hili aliliacha marehemu baba mkwe ambaye alikuwa anawapeleka watoto wa mtaa chekechea, alipofariki shemeji yangu akataka liuzwe lakini mama mkwe akachukua ufunguo akanipa mimi mbele ya watu wote akasema, "Dereva wetu ni huyu," shemeji akacheka akauliza tangu lini gari likaendeshwa kwa mwiko, basi nikajifunza, leseni nikapata, huu mwaka wa pili nabeba watoto sita asubuhi na mchana na wenyewe wananiita Mama Honi kwa sababu hakuna kona ninayoipita kimya.

Sasa mwezi uliopita usukani ukaanza kulia nikikata kona, unalia kama ndama anayemtafuta mama yake, kisha ukawa mzito, na pale ninapoegesha nikaona matone mekundu kwenye sementi, nikamuuliza muuza vipuri akaniuzia chupa ya oili ya usukani na kunionyesha pa kumimina, nikamimina ukatulia, baada ya siku tatu ukalia tena, nikamimina tena, ikawa ndiyo kazi yangu kila alfajiri, naongeza oili halafu nasugua sementi kwa sabuni ya unga kabla mama mkwe hajatoka kuota jua, maana akiona atanyamaza tu, na kunyamaza kwake nakuogopa kuliko maneno yote ya shemeji.

Nilikwenda gereji, iko hapo mtaa wa pili, lakini kabla ya kwenda nikaliosha gari lote, ndani ya boneti, chini, mipira yote ya kupitishia oili nikaipangusa kwa kitambaa, kwa sababu mtoto simpeleki kliniki na makamasi yake na gari niliona ni vivyo hivyo. Fundi akainama, akachungulia, akainuka akaniambia, "Dada, humu ndani pasafi kuliko jikoni kwangu. Nitibu nini?" Wenzake wakacheka, akasema labda tubahatishe kubadilisha pampu ya usukani, nikaona aibu nikaondoka.

Juzi kwenye kona ya tangi la maji, na watoto wote sita ndani, usukani ukagoma katikati, nikauvuta kwa mikono na kifua, tairi likapanda ukingo wa mtaro ndipo likasimama. Watoto walidhani mchezo, mmoja akasema, "Mama Honi, rudia." Nilicheka nao, nilipofika nyumbani nikaosha tope la mtaro kwenye tairi kabla mama mkwe hajaliona.

Naomba uniambie, nikiendesha polepole nitafika mwisho wa muhula bila mama mkwe kujua? Kazi hii naipenda, na kitu kinaniambia gari hili litapona.

Ni mimi,
Mama Honi

*

Marahaba, mwanangu. Jibu ni hapana. Si mwisho wa muhula, si hata kesho. Hadi usukani upone, watoto hao wapelekwe na mtu mwingine au watembee. Wewe mwenyewe unajua juzi uliponea wapi, ndiyo maana ukakimbilia kuosha tairi.

Ila nimekupenda. Kuosha hukukosea, ulikosea kuosha kisha ukaenda papo hapo. Oili inayovuja inahitaji muda ijitokeze. Na kila alfajiri ulikuwa ukifuta kwa sabuni ushahidi ambao fundi aliuhitaji. Tena ujue, oili ya usukani hailiwi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inatoka, na kuongeza bila kuziba ni kumlisha mwizi.

Sasa fanya hivi. Osha tena kama unavyojua wewe, acha pakauke, tandika boksi kubwa lililokunjuliwa chini ya injini. Jaza kopo la oili ya usukani hadi alama, oili ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, na usidanganywe kutia ya breki, itaharibu mipira ya ndani. Gia iwe huru, breki ya mkono juu, mawe nyuma na mbele ya tairi, mtoto abaki ndani ya nyumba. Washa gari. Mtu mmoja akae kwenye usukani aukunje taratibu upande huu na huu, mwingine asimame aangalie kwa tochi. Kuangalia tu: usiguse mpira wowote kwa mkono, oili hutoka kwa nguvu ya kupasua ngozi, na mtandio uwe mbali na mkanda wa injini. Tafuta palipolowa juu kabisa, maana oili hutambaa ikadondokea pengine. Mara nyingi ni mpira uliochoka au kibanio kilicholegea, na hapo fundi hamalizi hata asubuhi moja. Ukikuta vile vifuko vya mpira karibu na tairi vimejaa oili, kazi ni kubwa zaidi lakini inafanyika. Mwonyeshe kwa kidole. Akishaziba, mwambie atoe hewa, hadi mapovu yaishe kwenye kopo la oili.

Umeona kazi hii inataka watu wawili. Usimwite jirani. Mwite mama mkwe. Alikupa ufunguo mbele ya watu akijua gari ni kuukuu. Ukimya wake unaouogopa hujawahi kuuliza una nini ndani. Mwambie yote, hadi mtaro, kisha mfungulie mlango wa dereva akae.

Halafu simama mbele ya boneti, shika tochi yako, na mwambie aanze kukunja kushoto.