Mawe Uliyokuwa Ukiyalamba

Mayu,

Shikamoo. Nimeisema kwa sauti, kisha nikasubiri marahaba yako, kama mjinga. Kuku wameniangalia wakaendelea na yao.

Vuli ya pili hii, mama yangu, tangu tukuzike. Nakuandikia nikiwa nimeegemea ukuta wa jikoni, jua la saa nane linanisinzisha. Ndiyo saa unayopenda kuja. Nikifumba macho tu nakuona unashuka kisimani na ndoo yako ya bluu, nami nakufuata, miguu yangu haigusi chini. Unainama, unachota kwa kiganja, unaonja kwanza kabla ya kujaza ndoo, kama ulivyofanya maisha yako yote. Nikikuita unapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Hapo nazinduka, na Minza mwanangu ananicheka eti mate yamenitoka.

Nina habari ya mfuko. Nataka uisikie kwangu kabla Masanja hajaja kaburini kunishtaki, maana mdogo wangu huyo namjua.

Unakumbuka baba alipotutoka, wachimbaji wakaja kuomba kuchimba dhahabu kwenye matuta yetu ya viazi. Wewe hukutaka makubwa. Ulitaka desturi ya machimbo tu: kila wanapopandisha mawe, mwenye shamba achague mfuko wake kwanza, mawe hayajapondwa, hakuna anayejua kilichomo. Na mwenye mfuko ana neno. Akisema msichimbe upande huu, shimo linasikia. Ulipozidiwa ukamwita balozi wetu wa nyumba kumi, ukasema mbele yake kwamba matuta ni ya Masanja, mfuko ni wangu mimi Kabula. Masanja alinuna wiki nzima.

Sasa sikufichi, Mayu. Mfuko wenyewe ulinichosha. Wewe ulikuwa ukipita mfuko mmoja mmoja, unatoa jiwe, unalilamba, unafumba macho, unatema, unaenda kwa mwingine. Mwisho unaonyesha mfuko uliolowa kuliko yote, wenye tope. Wachimbaji wanaficha midomo. "Mama Kabula kachagua matope tena!" Tunarudi nyumbani, tunaponda, tunaosha, tunapata kipunje cha kuwekwa kwenye ukucha, au hatupati kitu. Mifuko waliyobaki nayo wao ilikuwa inawaka. Mungu anisamehe, nilikuonea aibu. Nilijisemea moyoni kwamba mama yangu hana mkono wa bahati. Baada yako nikaamua kuchagua kwa macho, mawe makavu yanayometameta, na kweli nilipata zaidi kidogo kuliko wewe, basi nikajiona fundi.

Halafu akaja Bwana Salumu, mfanyabiashara wa mjini Geita. Mtu wa adabu, nisimsingizie. Alikuja na baiskeli, kofia yake nyeupe haina hata doa la vumbi, akatuletea sukari ya kufungwa kwenye karatasi wakati ambapo dukani kwa ushirika hata sabuni tulikuwa tunaisikia kwa jina. Alitaka kuununua mfuko pamoja na neno lake, moja kwa moja, mimi na uzao wangu tusidai tena. Angetoa ng'ombe wanane na cherehani ya miguu.

Ng'ombe wanane, Mayu! Wakwe wa Masanja walikwishamwambia kwamba pamba ikivunwa na mahari haijaonekana, binti ana wachumba wengine. Alikuwa hali, anakaa pale mlangoni anachora chini na kijiti. Akaniambia, "Dada, wewe unakumbatia mawe, mimi nakosa mke." Ningemjibu nini? Na ile cherehani, loo! Mchana nilikuwa nikisinzia naiota. Nilikuwa naiendesha juu ya maji, gauni linatoka upande wa pili halina mwisho, rangi ya maua ya pamba, nawe unalikunja pembeni. Nikaona ni ruhusa yako. Nikamwambia Bwana Salumu alete karatasi.

Siku yenyewe balozi alikaa kwenye kigoda, karatasi juu ya meza, kile kidau cha wino wa dole gumba kimefunguliwa. Kusoma ninajua, lakini Bwana Salumu alitaka jina na dole, vyote viwili. Wachimbaji wakaleta mifuko ya siku ile, ili nichague wa mwisho kwa heshima. Nikasema leo nichague kama mama, nimuage. Nikatia mkono kwenye mfuko ulioloa, nikatoa jiwe, nikalilamba.

Mayu, nilionja maji ya kisima chetu.

Si maji tu. Yale yale, yenye umagadi kidogo, utamu unaokuja mwisho ukishameza. Nimeyanywa tangu nazaliwa, nitayasahauje? Nikalamba jiwe jingine, na jingine. Wakadhani nimepandwa na pepo. Nami nilikuwa nakuona wewe msichana mdogo huko kwenu Kishapu, kwenye mto uliokauka, ulivyokuwa ukinisimulia: mnachimba mashimo mchangani, mnaonja kila shimo, hili chungu, hili la ng'ombe, hili la watu.

Ee Mayu. Hukuwahi kutafuta dhahabu kwenye ile mifuko. Ulikuwa unafuata shimo linakokwenda, lisije likakitoboa kisima. Na mimi nilikuonea aibu!

Nikafuta kwenye kanga dole nililokuwa nimeshalichovya wino. Nikasema siuzi. Bwana Salumu akanisogezea karatasi. "Mama Minza, fikiria tena." Nikamwambia nimeshaonja. Masanja alipiga teke kigoda kilichokuwa karibu naye, akaniita mchawi mbele ya watu. Nililia, sikujificha. Kisha nikawaambia wachimbaji, kwa neno langu, waache upande wa kisimani. Wakabisha, wakasema mwamba mzuri ndiko unakoelekea. Masanja, kwa hasira, akashika kamba akateremka mwenyewe akaone huo uongo wangu.

Alikaa huko chini hadi nikaanza kuita jina lake. Alipopanda alikuwa ameloa hadi magotini. Hakunitazama. Alikinga kiganja, akaonja matone yaliyokuwa yakidondoka kwenye nguo yake, akakaa chini kwenye tuta la viazi akalia kama siku ile tulipokuzika.

Wameligeuza shimo, sasa wanachimba kuelekea mashariki. Wananung'unika, wanasema huko ni mawe matupu. Bwana Salumu kaondoka na cherehani aliyokuwa ameshaileta, ikiwa imefungwa nyuma ya gari la abiria. Yule mchumba wa Masanja kaolewa Nkome, kwa mwenye mitumbwi. Nakwambia yote, hata hilo. Masanja hajaniambia nimekosa, wala hajaniambia nimepatia. Ila asubuhi nikiamka nakuta mtungi umeshajaa, na njia ya kisimani ina nyayo zake.

Naona kope zinakuwa nzito, karibu utapita. Nenda polepole leo, nikufikie. Nakuahidi hivi: mfuko sitauuza, na nitamfundisha Minza kulamba kabla sijamfundisha kuosha. Watucheke. Masanja nitamlimia pamba mpaka ng'ombe wapatikane, hata kama ni mmoja kwa mwaka. Wabeja, Mayu. Asante kwa maji.

Kesho nitashuka mapema. Nitakuamkia pale pale ukingoni, kisha nitachota kwa kiganja. Yakiwa matamu, nitajua umeitikia.

Mwanao,
Kabula