Mnafu Wako wa Nyuma ya Jiko

Mwaka umetimia, Mzee Clemensi, tangu ulipotutoka hapa nyumbani Kansay, na sisi wa nyumba yako bado tunageuza macho mlango wa jikoni ukilia.

Uliendesha magari ya watalii miaka mingi, Karatu na Kreta kwenye bonde la wanyama, Kreta na Karatu, hadi vumbi likakukaa kifuani. Ulipostaafu ukachukua jembe, ukachimba vituta vichache nyuma ya jiko, visivyozidi upana wa kitanda. Kabla ya chai ulikuwa umeshachuchumaa pale, shati umelifunga mpaka shingoni, unamwagilia kwa kopo ulilolitoboa kwa msumari.

"Hapa hakuna anayeniuliza simba yuko wapi," ulisema.

"Na mimi nikikuuliza chumvi iko wapi?" nikakutania mimi mkeo.

"Uliza tu, mama Judith. Wewe hulipi kiingilio."

Ulikuwa mtu wa haraka, mkali wa saa. Bustani ilikupunguza sauti. Ukaanza kumsubiri mtu amalize kusema. Jirani akipita, hakutoka bila fungu la mboga.

Mnafu ndio ulioupenda zaidi, ule mchungu, ambao mbegu yake ulipewa na mama yako kule Mbulu. Kila msimu uliacha mashina ya pembeni yazeeke, yapige manjano, vitunda viwe vyeusi, ndipo ukamue mbegu. Mwaka jana hukuwahi kukamua.

Siku tuliyokuwa tukikungoja kutoka mochwari, vijana wa jirani walikuja kusafisha uwanja, kama tunavyofanyiana msiba ukiingia. Mimi nilikuwa ndani, nimekalishwa kwenye godoro na kina mama. Nikasikia majembe nyuma ya jiko. Mfiwa hainuki. Baadaye mmoja wa vijana wale, Alex, akachungulia, jasho linamtiririka. "Bibi, tumekusafishia mpaka nyuma. Magugu yote tumechoma."

"Asanteni, wajukuu zangu."

Ningemwambia nini? Walifanya kwa upendo, na mnafu uliozeeka hauna tofauti na gugu.

Tukangoja masika. Tulisema labda mbegu nyingine zilishaanguka, zimo ardhini. Nikakataza mtu asing'oe kitu. Judith akaguna, "Mama, hapa pameshakuwa pori."

"Niache, naangalia majani."

Niliyaangalia moja moja, miwani puani. Kishona nguo, mchicha pori, nyasi. Mvua zikanyesha, mvua zikakatika. Mnafu wako haukuota hata shina.

Basi tukalima upya, tukapanda wa dukani, wa pakiti. Umestawi, majani mapana, laini. Mjukuu wako Penina alipouonja akasema, "Bibi, huu mtamu kuliko ule wa babu." Mezani tukaacha kula. Mtoto akadhani amekosea, akainamisha kichwa, ikabidi nimwongezee mboga.

Asubuhi nachuchumaa palepale ulipokuwa ukichuchumaa. Nashika udongo, moyo unatulia kidogo, mpaka ninapotaka kukuambia neno, nikageuka.

Unakumbukwa na mimi mkeo Evarista, wanao Judith na Lazaro, mkweo Margareth, wajukuu Penina na Joel, ndugu zako wote wa Mbulu, na majirani wa Kansay.

Maadamu tupo, jina lako halitatoka midomoni mwetu.