Muhindi wa Uzi

Marietha, nimeaibika. Karatasi hii usimsomee mtu.

Ule muhindi niliomfumia mtoto kwa uzi wa njano, punje moja moja, ukasema mtu angeung'ata! Mama mkwe kaupapasa kikapuni, na macho yake yale hayaoni, akauchemsha.

Kauchemsha, Marietha! Na njaa hii!

Natoka shamba la kijiji nakuta sufuria inatokota. Akaniambia, "Kula mwanangu, wewe unanyonyesha. Mimi nimeshiba."

Ameshiba nini? Tangu jana hajala.

Ningemwambiaje ni uzi na pamba? Mimi niliyekaa nikafuma chakula cha kuchezea!

Nikasema, "Asante, mama." Akatega sikio.

Basi nikatafuna. Nikatafuna mate matupu, Marietha, mpaka akatabasamu.