Baba Alipobisha Hodi Jikoni

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele kwako, kwa shemeji na kwa wapwa zangu watundu. Mu wazima? Sisi huku tunashukuru, na Baba anakula vizuri.

Nyumba imepata mnunuzi. Najua hapo utashusha pumzi. Basi shusha, kisha usome taratibu.

Dalali aliisifu nyumba chumba kwa chumba, mpaka alipofika jikoni sifa zikaisha. Akasema jicho la mnunuzi huanzia jikoni, na friji linalonguruma vile lingefukuza wateja. Nilikasirika. Lile friji Mama alikuwa akilipiga kofi na kuliambia linyamaze, kuna wageni, nalo kweli likinyamaza! Lakini nawe kwenye simu ulisema dalali ana haki, na nani akuweze wewe? Nikamchukua Baba kwangu kidogo, nikanunua friji jipya na jiko jipya, na fundi akabeba vya zamani. Jikoni pakang'aa, ungedhani hapajapata kuungua chungu.

Nilipomrudisha Baba, alisimama mlangoni pa jikoni akabisha hodi. Nikacheka, si unaujua utani wake. Akabisha tena. Nikamwambia aingie, ni kwake. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kiti, asiguse kitu.

Mnunuzi ni mama mmoja mpole. Alifungua friji, akajaribu jiko, na palepale akasema nyumba anaichukua. Baba akampongeza kwa jiko lake zuri. Yule mama alicheka sana, akamwona mzee mcheshi.

Sasa Dada, hili nilishindwa kulisema kwenye simu. Baba anasahau, na si majina tu. Kumbe Mama alikuwa akimfichia miaka yote, na alipotutoka, mngurumo wa lile friji ndio uliokuwa ukimwambia Baba kwamba yuko kwake. Nimelifuata kwa fundi. Ameshalifungua, ameuza vipuri. Nililia pale pale mbele ya watu, sikuona haya.

Siku ile mnunuzi alipoondoka, Baba alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mwanangu, tumekaa mno kwa watu. Nirudishe nyumbani, mama yako ananingoja."

Nikamvalisha viatu, tukatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo wetu wenyewe.

Njoo, Dada. Usingoje mpaka nyumba ikabidhiwe. Jina lako bado analitaja, huuliza kama umesharudi kutoka shule.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba