Twiga Niliyezaliwa Naye Siku Moja

Jumapili, Naro Moru. Baridi imeshika tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa, na mimi nimejikunja sebuleni kwa wazazi wangu nikiwa na soksi mbili mbili.

Twiga wetu mzee amekufa. Alikufa Jumatano, na imenichukua siku nne kupata ujasiri wa kumwambia Baba.

Baba alikuwa mlinzi wa wanyama kwenye ranchi moja nje ya Nanyuki mpaka alipostaafu. Sasa kazi hiyo naifanya mimi. Twiga huyo alizaliwa mbele ya macho yake, siku ile ile niliyozaliwa mimi, na hadithi hiyo nimekua nayo: mama yake amesimama, mtoto anaanguka kutoka huko juu, karibu mita mbili, puu! Haikuisha saa moja akawa amesimama, mrefu kuliko Baba.

Miaka ishirini na sita. Kwa twiga wa porini huo ni uzee mkubwa. Karibu nusu ya watoto wao hawamalizi mwaka wa kwanza, simba na fisi huwawahi. Yeye alipita hapo. Alipozaa mara ya kwanza mimi nilikuwa darasa la kwanza. Kila mimba, miezi kumi na mitano. Nilimtambua kwa mabaka ya shingoni, maana mabaka ya twiga hayabadiliki tangu azaliwe mpaka afe.

Mwaka huu meno yake yalikuwa yamekwisha. Alikonda. Jumatano nilimkuta amelala, shingo imenyooka kwenye nyasi.

Nililia kama mtoto.

Baba ana presha, ndiyo maana niliogopa. Leo baada ya kanisa nimejikaza.

"Baba, yule twiga wako amekufa."

Akaweka kikombe chini. "Simba?"

"Hapana. Uzee tu."

"Basi amekufa vizuri." Akaniita kwa jina langu la utotoni. "Mami, kuna kitu sijawahi kukuambia. Siku mliyozaliwa waliniita kwa redio asubuhi, ati mama yako amepelekwa hospitali. Nikasema wacha nione huyu akisimama kwanza. Halafu nikakaa tu, namwangalia akinyonya. Nilifika hospitali jioni. Ulikuwa umeshazaliwa, na mama yako alikuwa peke yake."

Hadithi hiyo nimeisimulia shuleni, nimewasimulia wageni wa ranchi, nimejivunia. Sijawahi hata siku moja kuuliza nani alikuwa na Mama.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, anapangusa mikono. Nilidhani atakasirika.

"Nilikuwa na hasira mingi," akasema, akiniangalia mimi. "Lakini twiga alisimama ndani ya saa moja. Wewe ulichukua mwaka mzima. Na huyu mzee alikuwa anatoka huko kazini na baiskeli kila jioni, anakushika mikono yote miwili, anakutembeza hapa hapa kwa hii nyumba. Hakukosa hata siku moja. Hiyo hasira iliisha polepole, hata sikujua imeisha lini."

Baba akajifuta macho kwa kofia yake. Mama akamwongezea chai, kisha akaketi karibu naye, mabega yakigusana. Si jambo ninaloliona mara nyingi. Nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Kitu kimoja kimenisumbua tangu wakati huo. Mume wake kazi yake ilikuwa wanyama, binti yake kazi yake ni wanyama, na Mama hajawahi kufika ranchi. Hatukuwahi kumwalika. Tulimletea hadithi tu.

Kwa hivyo nimeamua kwamba Jumamosi namchukua. Kuna mtoto wa twiga wa wiki mbili ambaye bado anamfuata mama yake kila hatua, nataka Mama amwone kwa macho yake.

Nimemwambia sasa hivi. Hakujibu ndiyo wala hapana.

Ameuliza avae viatu gani.